Pierogi za Lwów

Chakula chenyewe ni cha watu wa kipato kidogo: unga wa ngano, maji, viazi mviringo, jibini nyeupe ya maziwa mgando, kitunguu na chumvi. Hakina nyama, na kiungo chake pekee kinachotoka mbali ni pilipili manga. Wapoland wanakiita pierogi ruskie. Leo hakuna mji wa Poland usiokuwa nacho. Kipo kwenye migahawa ya bei nafuu, kwenye friji za madukani, na mezani kwa bibi siku ya Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki wa kule hawali nyama. Mgeni akikionja Gdańsk au Poznań atadhani kimepikwa hapo tangu zama za mababu. Lakini kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kilikuwa chakula cha upande mmoja wa nchi, upande wa kusini-mashariki, kuuzunguka mji wa Lwów, na sehemu kubwa ya upande huo leo haimo ndani ya Poland. Kilienea kwa sababu walaji wake waling'olewa makwao. Wengine walipelekwa magharibi, wengine Siberia, na kati ya hao wa Siberia wapo waliofika hadi Arusha.

Safari hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia, na nataka msomaji akimaliza aweze kukipika mwenyewe, maana historia ya chakula isiyofika jikoni naiona pungufu.

Pierogi kwa jumla ni za zamani sana. Masimulizi ya Wapoland yanazihusisha na Mtakatifu Jacek, mtawa Mdominiko wa Kraków aliyefariki mwaka 1257. Husimuliwa kwamba mwaka 1238 alikuwa katika kijiji cha Kościelec mvua ya mawe ilipofyeka mazao yote. Akawaambia watu wasali. Kulipokucha nafaka ilikuwa imesimama tena, na wanakijiji wakamshukuru kwa pierogi za ngano ya mavuno yale. Hadi leo Mpoland akishtuka huweza kumwita mtakatifu huyo pamoja na pierogi zake. Ndani ya pierogi za wakati ule hakukuwa na kiazi, kwa kuwa kiazi kilikuwa bado Amerika Kusini. Wapoland husema Mfalme Jan III Sobieski ndiye aliyekituma kwao, baada ya kuwashinda Waosmani mbele ya kuta za Vienna mwaka 1683, akimpelekea mkewe Marysieńka kwenye kasri la Wilanów kama kitu cha ajabu cha bustanini. Wakulima walichukua muda mrefu kukiamini. Kilienea karne ya 18, enzi za wafalme waliotoka Saksonia, na katika karne ya 19 kikawa ndicho kinachoamua nani atashiba na nani atalala njaa.

Hakuna mahali kilipoamua hivyo kwa ukali kuliko Galicja, jimbo ambalo Austria ililimega kutoka Poland mwaka 1772 na kulishikilia hadi mwaka 1918. Lwów ndio uliokuwa mji wake mkuu. Ugonjwa wa viazi ulipoingia katikati ya miaka ya 1840, Galicja ilikufa njaa kama Ireland, ingawa dunia inaikumbuka Ireland peke yake. Mwaka 1888 mhandisi na mchimba mafuta Stanisław Szczepanowski alichapisha kitabu cha kuuonyesha umaskini wa jimbo hilo kwa hesabu, na moja ya hoja zake ni kwamba mtu wa Galicja anakula nusu tu ya chakula kinachomstahili binadamu. Katika jimbo hilo ndimo viazi na jibini ya nyumbani vilimosukumwa ndani ya unga mmoja. Ngano ilikuwa ya thamani, basi wakaisukuma nyembamba, wakaijaza kilichokuwa rahisi.

Watu wa Galicja hawakuwa taifa moja. Sensa ya mwaka 1931 ilikuta Lwów ina watu zaidi ya 300,000: nusu Wakatoliki wa Kilatini, wengi wao Wapoland, karibu theluthi Wayahudi, na sehemu ya sita Wakatoliki wa Kigiriki, yaani hasa Waukraini. Vijijini Waukraini walikuwa wengi zaidi. Mama Mukraini alizipika na kuziita varenyky. Jirani yake Mpoland aliziita kwa jina la nchi ya kale ya Ruś, ambayo eneo hilo lilikuwa sehemu yake. Jina hilo halihusiani na Urusi ya Moscow, na nalitaja mapema kwa sababu litaleta mzozo baadaye.

Sasa tuingie jikoni.

Kazi inaanza siku mbili kabla, kwenye maziwa. Jibini inayotakiwa inaitwa twaróg, na kwa mtu wa Afrika Mashariki ni rahisi kuitengeneza kuliko kuitafuta dukani. Chukua lita 2 za maziwa mabichi uliyoyaacha yakagande yenyewe, au mtindi usiotiwa sukari. Yatie kwenye sufuria juu ya moto mdogo mno. Usikoroge kwa nguvu; pitisha mwiko taratibu mara moja moja. Maji ya kijanikijani yataanza kujitenga pembeni na mabonge meupe yatakusanyika katikati. Moto ukizidi mabonge yanakauka, yanakuwa ya kutafunatafuna, na hayo hayafai tena kwa pierogi. Kipimo cha zamani ni kidole: sufuria iwe na joto ambalo kidole kinalivumilia. Yakishajitenga, epua, acha yapoe, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba, ufunge fundo na kuning'iniza usiku kucha. Maji yanayodondoka usiyamwage. Wanawake wa Galicja waliyatia kwenye supu au waliwapa nguruwe.

Viazi nusu kilo vichemshwe na maganda yake, vimenywe vikiwa bado na moto, vipondwe kabisa pasibaki punje. Viache vipoe. Kisha changanya na jibini robo kilo. Familia za Lwów hazijawahi kukubaliana juu ya kipimo hiki: wapo wanaosisitiza jibini na viazi viwe sawasawa, na wapo wanaoona viazi viwili kwa jibini moja ndiyo haki. Mimi niko upande wa hawa wa pili, kwa sababu jibini ikizidi uchachu wake unafunika utamu wa kitunguu, na kitunguu ndicho roho ya chakula hiki. Kata vidogo vidogo vitunguu maji vikubwa viwili au vitatu, uvikaange kwa subira katika siagi hadi viwe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Nusu vinaingia kwenye mchanganyiko, nusu vinasubiri kumwagwa juu. Chumvi, na pilipili manga kwa mkono mkunjufu. Pilipili iwashe kidogo. Bila hiyo ladha inalala.

Unga gramu 500, chumvi kijiko kidogo, mafuta kijiko kikubwa kimoja, maji ya moto kiasi cha mililita 250. Maji yawe ya moto, yasiwe yanayochemka. Kanda kwa dakika kumi hadi donge liwe laini na lisishike mkono, laini kuliko la chapati, kisha lifunike na bakuli kwa nusu saa. Wapo wanaotia yai. Yai linaukaza unga na kuufanya mgumu baada ya kuchemshwa, kwa hiyo nashauri uliache. Sukuma kidogo kidogo, sehemu iliyobaki ikae chini ya kitambaa isikauke, hadi utandu uwe mwembamba kiasi kwamba ukiuinua unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kata miduara kwa mdomo wa glasi. Weka kijiko kimoja cha mchanganyiko katikati, kunja nusu mwezi, finya ukingo kwa kidole gumba na cha shahada kutoka kona hadi kona, halafu rudia tena kufinya. Hewa isibaki ndani, na punje ya kiazi isikwame ukingoni, maana hapo ndipo pierogi inapofumuka majini.

Chungu kiwe kipana, maji mengi yenye chumvi yanayochemka. Tia chache kwa awamu. Zitazama, na mwiko lazima upite chini yake mara moja zisishike. Zikielea, hesabu dakika mbili hadi tatu, uzitoe kwa upawa wenye matundu, uzimwagie siagi na vile vitunguu vilivyosubiri. Huko Poland juu yake hutiwa pia vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Asiyekula nguruwe atumie samli, na hatakuwa amekosa kitu. Zikibaki, kesho yake zinakaangwa kwenye kikaango hadi ngozi iwe na ukoko, na watoto wengi wa Kipoland wanazipenda hivyo kuliko siku ya kwanza.

Hicho ndicho chakula walichokuwa nacho watu wa Lwów na vijiji vyake tarehe 17 Septemba 1939, siku jeshi la Kisovieti lilipoingia Poland kutoka mashariki, wiki mbili na ushee baada ya Wajerumani kuingia kutoka magharibi. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940, katika baridi kali isiyosahaulika, askari wa NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti, walianza kugonga milango. Wimbi hilo la kwanza lilizikumba hasa familia za askari wastaafu waliopewa mashamba mashariki na familia za walinzi wa misitu, takribani watu 140,000. Walipewa muda mfupi tu wa kufungasha, mara nyingine nusu saa. Kumbukumbu nyingi za waliopona zinarudia jambo moja: alikuwepo askari mmoja kati ya wale, mwenye chembe ya huruma, aliyemnong'oneza mama achukue chakula na nguo za baridi kwa sababu anakokwenda ni mbali. Walioweza walibeba unga.

Walipakiwa kwenye mabehewa ya mifugo, jiko moja la chuma katikati, tundu sakafuni kwa ajili ya haja. Safari ilichukua majuma. Yalifuata mawimbi mengine matatu, mwezi Aprili na Juni mwaka huohuo na Juni 1941. Lile la Aprili lilichukua wake na watoto wa maofisa waliokamatwa na kuwapeleka wengi wao Kazakhstan. Wanawake hao hawakujua kwamba masika hiyohiyo waume zao walikuwa wakipigwa risasi na NKVD katika msitu wa Katyn na kwingineko. Waliouawa walikaribia 22,000. Nyaraka za Kisovieti zinaonyesha kwamba jumla ya waliohamishwa katika mawimbi hayo manne ni karibu 320,000.

Huko walikofika, mkate ulitolewa kwa kadiri ya kazi: asiyetimiza kiwango cha magogo au cha shamba alikatiwa posho, na mgonjwa na mtoto walipata kidogo mno. Wanawake walibadilisha mashuka, shanga na makoti kwa viazi na maziwa ya wenyeji. Walichuma mboga za porini wakazichemsha. Walichimbua viazi vilivyoganda kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Viazi na maziwa, vilevile vya pierogi, vilikuwa vimegeuka kuwa thamani ya shuka la harusi. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kukitazama chakula hiki kama pishi la kawaida tu.

Kilichowaokoa ni vita kubadilika. Hitler aliushambulia Umoja wa Kisovieti Juni 1941, na tarehe 30 Julai serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ikatia saini mkataba na Moscow. Wafungwa wakaachiliwa, jeshi likaanza kuundwa chini ya Jenerali Władysław Anders, na raia wakalifuata kusini kwa treni, kwa mikokoteni, kwa miguu. Mwaka 1942, mwezi Machi na Aprili na tena Agosti, meli ziliwavusha Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi Pahlevi, Uajemi, yaani Iran ya leo. Walivuka zaidi ya 110,000, na raia kati yao walizidi 35,000.

Ufukweni Pahlevi kulitokea jambo la kuhuzunisha ambalo mpishi yeyote atalielewa. Watu waliokuwa mifupa mitupu walipewa supu ya kondoo yenye mafuta na nyama ya makopo. Matumbo yaliyozoea maji na majani hayakuweza kuvibeba. Watu waliookoka Siberia walikufa kwa kuhara baada ya mlo wa kwanza wa kushiba. Zaidi ya 2,000 wamezikwa katika ardhi ya Iran.

Wanaume walikwenda na jeshi, na mwezi Mei 1944 walikuwa miongoni mwa waliouteka mlima wa Monte Cassino nchini Italia. Wanawake, watoto na wazee walitafutiwa mahali pa kukaa. Takribani 18,000 waliletwa Afrika katika makoloni ya Waingereza. Walipita Karachi, wakashuka Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na wengine Beira. Uganda walikaa Masindi na Koja. Kanisa la matofali walilolijenga Nyabyeya, karibu na Masindi, bado linasaliwa. Tanganyika walikaa Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro, na kambi kubwa kuliko zote, Tengeru, chini ya Mlima Meru, karibu na Ziwa Duluti. Tengeru ilifikisha watu wapatao 5,000.

Waliishi katika nyumba za mviringo za udongo zilizoezekwa nyasi, zilizopangwa safu kwa safu. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali na shamba la kambi. Serikali ya kikoloni iliwaweka mbali na wenyeji kadiri ilivyoweza, maana Wazungu maskini waliofukuzwa makwao walikuwa ushahidi usiofurahisha kwa utawala uliojitapa kwa rangi yake. Lakini ardhi ile ilikuwa na vyote vilivyokosekana Kazakhstan. Ng'ombe wa Wameru na Waarusha walikuwa na maziwa, na maziwa ya kugandisha hayakuwa jambo la kigeni katika nyumba yoyote ya pale. Viazi na vitunguu vilistawi kwenye miteremko ya mlima. Ngano ililimwa kwenye nyanda za kaskazini. Mama wa Lwów aliyefika Tengeru hakuhitaji kuagiza chochote ili apike chakula cha kwao, na nadhani hakuna pishi jingine la Poland lililoweza kuhamia Meru kwa wepisi kama hili. Bigos, kitoweo cha kabichi na nyama, inataka kabichi iliyochachuka kwa majuma katika ubaridi, na supu ya barszcz inataka kiazisukari chekundu, ambacho si kila bustani inacho. Pierogi zilitaka mikono tu.

Wapo wasioondoka. Makaburi ya Wapoland wapatao 150 yako Tengeru, ndani ya eneo ambalo leo ni chuo cha mifugo, na yanatunzwa.

Wengine walikuwa wakisubiri kurudi. Ndipo habari za mkutano wa mataifa makubwa huko Yalta zilipowafikia, Februari 1945: Lwów ungebaki kwa Stalin. Mpaka wa Poland ulisogezwa magharibi, na nyumba walizoziacha sasa zilikuwa katika nchi nyingine. Wenzao waliokuwa wamebaki kule walipakiwa kwenye treni kwa mara nyingine, zaidi ya milioni moja kutoka mashariki yote, wakapelekwa kwenye miji ambayo Wajerumani walikuwa wakiondolewa. Breslau ukawa Wrocław, na sehemu ya Lwów ikahamia humo. Maktaba ya Ossolineum ililetwa kutoka Lwów. Mchoro mkubwa wa Vita vya Racławice uliletwa mwaka 1946. Sanamu ya mwandishi Aleksander Fredro, iliyosimama Lwów, tangu mwaka 1956 imesimama katika uwanja wa mji wa Wrocław. Vitu hivyo vilisafiri kwa maandishi na mihuri ya serikali mbili. Pierogi zilisafiri bila kuandikiwa chochote, na ndizo zilizofika kila nyumba.

Zilisaidiwa na baa za maziwa. Mgahawa wa kwanza wa aina hiyo ulifunguliwa Warsaw mwaka 1896 na mfugaji Stanisław Dłużewski, ukiuza vyakula vya maziwa, mayai na unga kwa bei ambayo kila mtu aliimudu. Serikali ya kikomunisti ilizifungua nchi nzima na kuzilipia ruzuku. Mwanafunzi wa Gdańsk aliyezaliwa na wazazi wa pwani alizila pierogi ruskie kwa mara ya kwanza hapo, kwenye sahani nzito ya udongo, bila kufikiri juu ya Lwów, mji ambao kwa miaka ile haukuwa wa kuzungumziwa hadharani kwa uhuru. Halafu zikaja kadi za mgao: sukari mwaka 1976, nyama mwaka 1981. Nyama iliendelea kutolewa kwa kadi hadi mwaka 1989. Kwa miaka hiyo minane, chakula kisichotaka nyama kilikuwa mkombozi wa kila mama, na naamini hapo ndipo pierogi hizi zilipoacha kuwa za mashariki zikawa za wote.

Wengi wa wale wa Tengeru hawakuiona Poland hiyo. Wachache walirudi, wengi walikataa kuishi chini ya utawala uliowapeleka Siberia. Kambi za Afrika zilifungwa moja baada ya nyingine, na kufikia mwaka 1950 waliobaki walikuwa wachache sana. Walikwenda Uingereza, Kanada, Australia. Meli ya General W. C. Langfitt ilitoka Mombasa na kutia nanga Fremantle Februari 1950, ikiwa na zaidi ya Wapoland 1,000 waliokuwa wamekaa Afrika Mashariki kwa miaka saba au zaidi. Baadhi ya watoto wao walikuwa wamesoma darasa la kwanza hadi la mwisho Tengeru, na Poland waliijua kwa kusimuliwa na kwa kulishwa.

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraini, treni kutoka Lwów, ambao sasa ni Lviv, zilianza kumimina wanawake na watoto katika stesheni ya Przemyśl, ndani ya Poland. Wenyeji waliwapokea kwa chakula cha moto. Majuma yaleyale migahawa kadhaa ya Poland ilifuta neno ruskie kwenye orodha zake na kuandika pierogi za Kiukraini, kwa hasira na kwa mapenzi. Naielewa hasira hiyo, lakini ningeliacha jina la zamani. Ni la Ruś, jina la kale la ardhi ileile ambayo wakimbizi hao walikuwa wakiikimbia, na ndilo walilolitumia wanawake waliobeba unga usiku wa Februari 1940.